Handaki la WireGuard kati ya ofisi na wingu, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale matatu, na kila wiki yanarudi. La kwanza: "Tumehamishia hifadhidata kwenye wingu, data ikiwa njiani iko salama?" La pili: "Handaki limewaka, mbona kompyuta za ofisini hazioni seva?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Nitajuaje kama kweli inasimbwa?" yaani inageuzwa isisomeke bila ufunguo. Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa WireGuard, programu ya VPN inayojenga handaki, yaani njia iliyosimbwa kati ya mashine mbili, tena kwa mpangilio wa kufanya kazi, ili usome huku mikono iko kwenye kibodi.

Mfano wetu ni huu. Ofisi ya mauzo iko Dar es Salaam. Hifadhidata ya Postgres iko kwenye AWS, wingu la Amazon, kanda ya Cape Town. Ukipiga ankara kaunta, pakiti inatoka kwa mtoa huduma wako, inaingia kwenye mkongo wa baharini, inapita ruta za watu usiowajua, ndipo inafika. Isiposimbwa, kila mmoja wa njiani anaweza kuisoma kama kadi ya posta. Ukiwa Azure au Google, majina ya vitufe yatabadilika, kazi ni ileile.

Swali ambalo huwa linakuja hapa: "Sisi tumelipia laini maalumu ya moja kwa moja hadi kwenye wingu, bado tunahitaji kusimba?" Ndiyo. Direct Connect ya AWS haisimbi chochote yenyewe. Inakupa njia yako, lakini mlango wake hauna kufuli mpaka uweke mwenyewe. Wanao usimbaji wa MACsec, ila ni kwa laini kubwa, kuanzia Gbps 10, na si katika kila kituo. Ofisi zetu nyingi haziko huko.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kompyuta moja ofisini yenye Linux, isiyozimwa jioni. Desktopu ya zamani inatosha. Natumia Debian 12 au Ubuntu 22.04. WireGuard imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, kwa hiyo hakuna cha kujenga.
- Mashine ndogo ya Linux kwenye wingu, ndani ya mtandao uleule wenye hifadhidata, yenye anwani ya umma isiyobadilika. Kwa AWS hiyo ni Elastic IP. Ukitumia anwani ya kawaida, siku utakayoizima na kuiwasha itabadilika, na handaki litakufa.
- Haki ya `sudo` pande zote mbili.
- Nywila ya ruta ya ofisi. Hii ndiyo hukwamisha watu kuliko zote: fundi aliyeifunga alishaondoka, na nywila aliondoka nayo. Itafute leo.
- UPS kwa ile desktopu. Sababu nyingine ya kuitaka utaiona huko chini.

Ofisi haihitaji anwani ya umma. Hata kama mnatumia 4G ambamo wateja wengi wanagawana anwani moja, itafanya kazi, kwa sababu ofisi ndiyo itakayokuwa inapiga hodi.

Jambo moja la kisheria kwa walio Tanzania: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kazini kuwasilisha taarifa zao. Handaki hili ni VPN. Mwambie mkuu wako alishughulikie kabla hujawasha, usije ukaonekana umefanya kimyakimya.

Hatua ya 1: Andika anwani kwenye karatasi

Usiruke. Nusu ya matatizo ninayoitiwa yanaanzia hapa. Mimi nitatumia hizi:

- Mtandao wa ofisi: 192.168.10.0/24. Lango la ofisi, yaani ile desktopu: 192.168.10.5
- Mtandao wa wingu: 10.20.0.0/16. Lango la wingu: 10.20.1.10, na kwa nje 203.0.113.25
- Hifadhidata: 10.20.1.50
- Handaki lenyewe: 10.99.0.1 upande wa wingu, 10.99.0.2 upande wa ofisi

Onyo: mitandao hii isigongane hata kidogo. Ruta nyingi za watoa huduma huja na 192.168.1.0/24 au 192.168.0.0/24, na siku mtakapofungua tawi la pili mtakuta nalo lina namba hizohizo. Badilisha mapema. Docker, ile programu ya kuendesha makontena, nayo huchukua 172.17.0.0/16 bila kuuliza, na VPC (mtandao wako binafsi ndani ya AWS) inayokuja tayari ni 172.31.0.0/16. Kaa mbali nazo.

Hatua ya 2: Sakinisha pande zote mbili

```
sudo apt update
sudo apt install wireguard tcpdump
```

Hatua ya 3: Tengeneza funguo

Kila mashine itengeneze za kwake, palepale ilipo:

```
sudo -i
cd /etc/wireguard
umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > umma.key
```

Ile `umask 077` inahakikisha faili hazisomwi na mtumiaji mwingine wa mashine hiyo. Ufunguo wa umma unaweza kuutuma popote, hata kwenye WhatsApp. Ule wa siri hautoki kwenye mashine yake, hata kwa dakika moja, hata "nikutumie halafu nifute". Nimekutana na kundi la WhatsApp la idara ya TEHAMA lenye funguo za siri za matawi yote, limebandikwa juu kabisa ili lisipotee. Ukikuta hivyo, tengeneza funguo mpya tu, hakuna dawa nyingine.

Hatua ya 4: Usanidi wa lango la wingu

Fungua `/etc/wireguard/wg0.conf` kwenye mashine ya wingu:

```
[Interface]
Address = 10.99.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_WINGU

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_UMMA_WA_OFISI
AllowedIPs = 10.99.0.2/32, 192.168.10.0/24
```

Hatua ya 5: Usanidi wa lango la ofisi

Faili yenye jina lilelile, kwenye desktopu ya ofisi:

```
[Interface]
Address = 10.99.0.2/24
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_OFISI

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_UMMA_WA_WINGU
Endpoint = 203.0.113.25:51820
AllowedIPs = 10.99.0.1/32, 10.20.0.0/16
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa `AllowedIPs` unafanya kazi mbili kwa mpigo, na ndiyo maana unachanganya. Pakiti ikiwa inatoka, mstari huu unasema ni anwani zipi zielekezwe ndani ya handaki kwenda kwa mwenza huyo (`[Peer]`, yaani mashine ya upande wa pili). Pakiti ikiwa inaingia, unasema mwenza huyo anaruhusiwa kuleta pakiti kutoka anwani zipi. Nyingine zinatupwa bila neno. Kwa hiyo upande wa wingu unaandika mtandao wa ofisi, na upande wa ofisi unaandika mtandao wa wingu. Kila upande unaandika ya mwenzake.

Onyo: usinakili `AllowedIPs = 0.0.0.0/0` kutoka maelekezo ya VPN za simu. Ukiiweka upande wa ofisi, kila kitu kinachotoka kwenye lango hilo, hadi masasisho ya `apt`, kitazungukia Cape Town, na bili ya data ya wingu utaiona mwisho wa mwezi.

`PersistentKeepalive = 25` inatuma kipakiti kidogo kila sekunde 25 ili ruta zilizo katikati zisisahau kwamba ofisi ipo. Bila hiyo, asubuhi handaki linaonekana limekufa hadi mtu wa ofisini aguse kitu.

Hatua ya 6: Fungua poti kwenye wingu

Kwenye Security Group ya lango la wingu, yaani faiwoli ya AWS, ruhusu UDP 51820. Narudia: UDP. Watu huweka TCP kwa mazoea, kisha wanajaribu na `telnet` na kukata tamaa. WireGuard haimjibu mtu asiye na ufunguo sahihi, inanyamaza kama hakuna nyumba. Telnet haitakuambia lolote, iache.

Hatua ya 7: Washa

Pande zote mbili:

```
sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0
sudo wg show
```

Ofisini unatakiwa kuona kitu kama hiki:

```
  endpoint: 203.0.113.25:51820
  allowed ips: 10.99.0.1/32, 10.20.0.0/16
  latest handshake: 41 seconds ago
  transfer: 3.12 KiB received, 4.80 KiB sent
```

Mstari wa kutazama ni `latest handshake`, yaani mara ya mwisho pande mbili zilipopeana mikono. Kama haupo kabisa, handaki halijawaka, hata kama systemd inaonyesha kijani. Ukiuona, jaribu `ping 10.99.0.1`. Ikijibu, pumzika unywe chai. Sehemu iliyobaki ndiyo ngumu.

Hatua ya 8: Waelekeze wengine handakini

Hapa ndipo swali la pili linapotoka. Malango mawili yanaongea, lakini kompyuta ya kaunta haijui kwamba kuna handaki. Kuna mambo manne, na likikosekana moja hakuna kinachopita.

(a) Malango yote mawili yakubali kupitisha pakiti za wengine:

```
echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-handaki.conf
sudo sysctl --system
```

(b) Kwenye ruta ya ofisi ongeza njia ya kudumu: mtandao 10.20.0.0, kinyago 255.255.0.0, kupitia 192.168.10.5. Ruta nyingine za bei nafuu hazina sehemu hiyo. Basi iweke kwenye kila kompyuta ya Windows inayohitaji, ukiwa msimamizi:

```
route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.10.5
```

(c) Kwenye Route Table ya VPC ongeza 192.168.10.0/24 na 10.99.0.0/24 (lango la ofisi likiongea lenyewe hutumia anwani yake ya handaki) zielekee kwenye mashine ya lango la wingu. Kisha zima kipengele cha Source/destination check cha mashine hiyo. AWS kwa kawaida hutupa pakiti yoyote ambayo mashine si mtumaji wala mpokeaji wake, na lango kazi yake ni kupitisha za wengine. Hiki kitufe kimoja kimenilia saa nne nzima mwaka wangu wa kwanza.

(d) Security Group ya hifadhidata iruhusu poti 5432 kutoka 192.168.10.0/24 na 10.99.0.0/24. Usiandike jina la Security Group ya lango badala ya anwani ukidhani ni sawa. Pakiti inafika ikiwa na anwani ya kompyuta ya ofisini, kwa hiyo kanuni hiyo haitaitambua. Na kama seva za wingu nazo zitaanzisha mazungumzo kwenda ofisini, Security Group ya lango iruhusu pia zinazotoka 10.20.0.0/16.

Hatua ya 9: Hakikisha kwa macho

Ukiwa kwenye lango la ofisi, angalia jina la kadi ya mtandao kwa `ip a`. Langu ni `enp3s0`. Fungua dirisha moja na uwashe tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita:

```
sudo tcpdump -ni enp3s0 -A host 10.20.1.50 or udp port 51820
```

Kwenye dirisha la pili, palepale kwenye lango, ingia kwenye hifadhidata kwa `psql -h 10.20.1.50` na uulize chochote. Kwenye dirisha la kwanza unatakiwa kuona UDP 51820 tu, na ndani yake vurugu la herufi zisizosomeka. 10.20.1.50 isionekane popote.

Kwa nini nimesema ujaribu ukiwa kwenye lango lenyewe? Kwa sababu ukijaribu kutoka kompyuta ya kaunta, utaiona pakiti mara mbili kwenye kadi ileile: mara moja ikiwa wazi, inatoka kaunta kuja langoni, na mara ya pili imesimbwa, inatoka nje. Watu huona ile ya kwanza wakaniandikia "haisimbi!" Inasimba. Ila hofu yao ina ukweli ndani yake: handaki linalinda kutoka lango hadi lango. Ndani ya ofisi na ndani ya VPC, data bado iko wazi. Kwa hiyo washa TLS, usimbaji wa Postgres yenyewe (mipangilio yake huuita SSL), pia: `ssl = on` kwenye seva, `hostssl` badala ya `host` kwenye `pg_hba.conf`, na `sslmode=require` kwenye programu. Usiiache kwenye `prefer` inayokuja nayo. Hiyo ikikuta seva haina SSL, inaendelea bila usimbaji wala onyo. Picha rasmi ya Docker ya Postgres huja SSL ikiwa imezimwa, ndiyo maana hali hii ni ya kawaida kuliko unavyodhani.

Hatua ya 10: Funga mlango wa zamani

Niliwahi kumfungia handaki msambazaji mmoja wa vinywaji. Likawaka, nikalipwa, nikaenda. Wiki mbili baadaye nikapita kuangalia, nikaona `transfer` inasoma megabaiti chache tu. Wiki mbili za mauzo, megabaiti chache! Nikawasha tcpdump bila kuchuja anwani, na kwenye skrini ikapita hii:

```
SELECT jina, simu, deni FROM wateja WHERE tawi='Tandika'
```

Nyuma yake yakafuata majina, namba za simu na madeni, yote yanasomeka. Programu ya mauzo ilikuwa bado na anwani ya zamani ya umma kwenye faili yake ya usanidi, na poti 5432 ilikuwa bado imefunguliwa kwa dunia nzima. Handaki langu lilikuwa limekaa pembeni kama barabara mpya ambayo hakuna aliyeambiwa. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo, kwa mpangilio huu: badilisha anwani kwenye kila programu iwe 10.20.1.50, tazama `transfer` ikipanda watu wakiwa kazini, ndipo ufute kanuni ya 0.0.0.0/0 ya poti 5432. Ukishaifuta, subiri simu. Atakayepiga kusema "mfumo umegoma" ndiye uliyemsahau, na ni heri ajulikane leo.

Yakigoma

*Hakuna handshake kabisa.* Mara nyingi ni poti iliyofunguliwa kama TCP, au funguo zimepishana: umeweka ufunguo wa umma wa mashine hiyohiyo badala ya wa mwenzake. Endesha `sudo tcpdump -ni any udp port 51820` kwenye wingu. Pakiti zikifika bila majibu, kagua funguo. Zisipofika, kagua Security Group na anwani ya `Endpoint`.

*Handshake ipo, malango yanajibizana kwa ping, kompyuta za ofisini hazifiki.* Rudi Hatua ya 8, zote nne. Zikiwa sawa, angalia faiwoli ya lango. Ufw hukataa kupitisha pakiti za wengine hadi uiambie:

```
sudo ufw route allow in on enp3s0 out on wg0
sudo ufw route allow in on wg0 out on enp3s0
```

Docker ikiwa kwenye lango hilo, nayo hufunga njia. Ongeza:

```
sudo iptables -I DOCKER-USER -i wg0 -j ACCEPT
sudo iptables -I DOCKER-USER -o wg0 -j ACCEPT
```

Amri hizi za iptables hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo zikishafanya kazi zihamishie kwenye `wg0.conf` kama mistari ya `PostUp`.

*Unaingia vizuri, lakini ripoti kubwa inaganda katikati.* Hii ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Handaki kwa kawaida huanza na 1420, na laini za 4G au PPPoE mara nyingine hazibebi mzigo huo pamoja na kifuko chake cha nje. Pima ukiwa lango la ofisi:

```
ping -M do -s 1392 10.99.0.1
```

Ikigoma, punguza namba hadi ipite. Jumlisha 28 kwenye namba iliyopita, na hiyo ndiyo MTU yako. Iandike chini ya `[Interface]` pande zote mbili, kwa mfano `MTU = 1380`. Ukiwa na haraka weka 1280, inapita karibu kila mahali.

*Umeme ulikatika, mashine imewaka, handaki haliwaki tena.* Hii ndiyo sababu ya ile UPS. WireGuard huweka muda ndani ya kila salamu, na upande wa pili hukataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ya mwisho aliyoipokea, kuzuia mtu kurudia pakiti za zamani. Desktopu yenye betri ya ubao iliyokufa, au Raspberry Pi ya kawaida isiyo na saa yake, ikiamka inaweza kujiona iko miezi iliyopita. Angalia kwa `timedatectl`. Saa ikishasawazishwa na NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao), handaki linarudi lenyewe. Hakikisha tu NTP haipitii handakini, maana hapo kila mmoja atamngoja mwenzake. Na nunua betri, ni ile ndogo ya duara ya CR2032.

*Kila kitu kimekuwa kizito ghafla.* Kabla hujabomoa usanidi, pima intaneti yenyewe. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo hakuna mstari wa kubadilisha kwenye `wg0.conf`.

*Desktopu ya lango imeibwa.* Usisubiri RB ya polisi. Ingia kwenye wingu na mwondoe mwenza huyo:

```
sudo wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_UMMA_WA_OFISI remove
```

Kisha futa sehemu yake ya `[Peer]` kwenye `wg0.conf`, la sivyo atarudi mashine ikiwashwa upya. Lango jipya litengeneze funguo zake kuanzia Hatua ya 3. Mwizi atabaki na desktopu tu.